Bi Nunu Hajashiba

Nchi yetu ina kila kitu isipokuwa mpaka na nchi yako, kwa hiyo soma bila wasiwasi. Haya yalitokea kwetu. Kwenu hayawezi kutokea, maana nasikia kwenu mambo huendeshwa kwa akili.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la uraia. Jina langu Faki, mtaani huniita Mwalimu. Nimefundisha vizazi viwili kwamba serikali haikosei, na ikionekana imekosea, basi ni wananchi hawajaelewa. Nakisimulia kisa hiki si kwa kulalamika, kulalamika sikujui, bali kwa sababu kuna wambea wanaokisimulia huku wakicheka, na mambo ya dola si ya kuchekwa.

Kisa kilianza Mtukufu Mlezi wa Taifa aliporudi kutoka ziara ya ng'ambo. Mtukufu haendi ng'ambo akarudi mikono mitupu. Mwaka mmoja alituletea majira ya baridi, tukavaa makoti mwezi mzima huku jasho likitutiririka. Safari hii alituletea branchi. Alitueleza akiwa bado kwenye ngazi za ndege.

"Ndugu wananchi, huko nilikotoka nimeichunguza siri ya maendeleo, nami nimeiona kwa macho yangu haya. Wenzetu Jumapili hawanywi chai asubuhi. Hulala. Jua likishapanda hutoka na familia zao wakaenda hotelini, wakala mlo mmoja ulio katikati ya chai na chakula cha mchana. Sisi tunakula mara mbili mahali pa mara moja, tena nyumbani, halafu tunajiuliza kwa nini hatuendelei."

Tulipiga makofi hadi ndege nyingine zikashindwa kutua.

Kabla wiki haijaisha ikaundwa Wizara ya Branchi na Mapumziko ya Jumapili. Kila mtumishi wa umma, aliye kazini na aliyestaafu, akatakiwa kwenda branchi katika hoteli aliyopangiwa. Malipo yalikatwa moja kwa moja kwenye mshahara na pensheni, ili mtu asisumbuke kubeba pochi siku ya mapumziko.

Nikieleze chakula chenyewe, maana wengine hamjabahatika. Kwanza unasubiri. Kusubiri ni sehemu ya branchi, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu iliyoandaliwa vizuri zaidi. Kisha mhudumu mwenye glavu nyeupe huja na sahani pana yenye kifuniko cha chuma, akakifunua taratibu. Ndani mna yai moja la kukaanga, soseji moja, vipande viwili vya mkate wa kuchoma vilivyokatwa pembe, na jani moja la kotimiri. Upana wa sahani ni wa kumheshimu mteja. Juisi ni ya unga. Chai huja kwenye birika la maji ya uvuguvugu pamoja na kifuko kimoja cha majani, ambacho meza nzima hupokezana kuanzia kwa mkubwa. Pembeni bendi ya polisi hupiga muziki wa polepole ili watu wasitafune haraka.

Sasa serikali ingejuaje kama wananchi wamefurahi? Hapo ndipo Waziri wa Branchi, Mheshimiwa Ng'anzo, alipoonyesha usomi wake. Katika kila mlango wa hoteli aliweka afisa aitwaye Mkuu wa Mlango, mwenye kofia, vifungo vya dhahabu na kengele. Unapotoka anakuuliza, "Je, umeshiba?" Unajibu, "Nimeshiba." Anapiga kengele, unapita. Sheria haikuruhusu mtu kutoka bila kuulizwa, na ambaye hajaulizwa alihesabika kuwa bado anakula.

Nanyi mnazijua adabu zetu. Tangu utotoni tumefundwa kwamba mgeni hasemi njaa kwenye nyumba ya mtu. Kwa hiyo kuanzia Jumapili ya kwanza taifa zima lilishiba, na Waziri akapewa nishani.

Mtu mwerevu alikuwa akila kwake alfajiri, akaenda branchi, akarudi akala tena. Mbunge mmoja wa bara alisimama bungeni akauliza kama kwenda branchi kuna faida yoyote, ikiwa mtu anakula kabla na anakula baadaye, na katikati anatazama yai.

"Mheshimiwa," Spika akamuuliza, "Jumapili iliyopita ulifika mlangoni?"

"Nilifika, Mheshimiwa Spika."

"Ulijibu nini?"

"Nilijibu nimeshiba."

"Basi kaa chini."

Akakaa. Huo ndio uliokuwa mjadala wa kitaifa kuhusu faida za branchi, na hoja ikapita.

*

Jirani yangu ni Bi Nunu. Kinachotutenga ni ukuta mfupi wa matofali, ambao mtu akisimama juu ya kiti anaona uani kwa mwenzake. Ni mjane mwenye mwana mmoja, Mbaruku, na kiburi kimoja, mapishi yake. Mahamri yake hufura yakabaki yamefura. Mbaazi zake za nazi ukizila leo, kesho unazikumbuka ukiwa katikati ya mazungumzo mengine. Mimi mwenyewe Jumapili alfajiri nilikuwa na desturi ya kupita kwake kuuliza kama ameona gazeti langu, naye gazeti hasomi.

Kwa sababu ya kiburi hicho hajawahi kusifu chakula cha mtu. Kwenye harusi ya mdogo wake alisema biriani ina moshi. Kwenye matanga ya mumewe, huku machozi yanamtoka, aliwaambia wapishi waongeze chumvi. Mtaani tulishamzoea. Mtu wa namna hiyo haumizi mtu ilimradi abaki mtaani.

Mbaruku, kinyume cha mama yake, alikuwa mpole hata ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi. Alifanya kazi Wizara ya Branchi, na kwa kuwa alijibu "Nimeshiba" haraka kuliko wenzake, akapandishwa cheo kuwa Naibu Mkurugenzi wa Meza. Wenye cheo hicho hutakiwa kwenda branchi na wazazi wao. Akaja kumpasha habari.

"Mama, Jumapili umealikwa hotelini."

"Na nani?"

"Na taifa."

Bi Nunu hakuuliza zaidi. Alitoa kanga mpya sandukuni, akaifukiza udi.

Jumapili hiyo nilipita kuuliza gazeti, nikakuta jikoni hakuna moshi. Mbaruku naye alikuwa amekuja kama kawaida yake kunywa chai kwa mama kabla ya branchi, amekaa mkekani anatazama jiko baridi.

"Mama, chai je?"

"Chai gani, mwanangu? Tumealikwa. Mtu akialikwa akala kwanza kwake, amemtukana mwenyeji. Hayo alikufunza nani, mimi au mtu mwingine?"

Mbaruku aliinuka mkekani. Angemweleza vipi mama yake bila kuisema vibaya serikali? Wakaondoka wote wawili na matumbo matupu, yeye anajua, mama hajui. Nilimhurumia, nikarudi kwangu kula viazi.

*

Hoteli ya Ustawi siku hiyo ilipambwa. Nilikuwa meza ya wastaafu, iliyo karibu na choo kwa ajili ya umri wetu, kwa hiyo niliona yote.

Mhudumu alifunua kifuniko mbele ya Bi Nunu. Bi Nunu alisema bismillahi, akaweka uma pembeni, akachukua yai kwa mkono. Hapo ukasikika mlio ambao haujawahi kusikika katika branchi yoyote nchini, mlio wa mtu anayeng'ata. Bendi ya polisi iliacha kupiga.

Bi Nunu alitoa kitu kinywani, akakitazama. Kisha akaigeuza soseji. Chini yake palikuwa na mhuri wa rangi nyekundu, kama ule unaopigwa chini ya viti vya ofisi: Mali ya Serikali, Isiondolewe.

"Baba," alimwita mhudumu, "hiki ni nini?"

Mhudumu alieleza kwa adabu. Tangu branchi ianzishwe sahani zilikuwa zikirudi jikoni kama zilivyokwenda. Hoteli zikaona chakula kinaharibika, na uharibifu ni adui wa maendeleo. Ndipo Karakana Kuu ya Serikali ikaombwa itengeneze chakula kinachodumu. Soseji ni ya mti wa mninga, imepigwa vanishi. Yai ni plasta, na rangi yake imetoka ng'ambo. Kwa kuwa wateja wote huja wameshakula, mpango ulikwenda vizuri sana.

"Na hakuna aliyesema kitu?"

"Hakuna aliyelalamika, mama."

Waheshimiwa wote walikuwa wanatazama jani la kotimiri, ambalo lilikuwa jani kweli. Nilikasirika kidogo, nakiri, si kwa sababu ya plasta bali kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa namsifia mke wangu jinsi lile yai linavyong'aa.

Muda wa kutoka ukafika. Mbaruku alitangulia. "Je, umeshiba?" "Nimeshiba." Kengele ikalia. Akafuata mama yake.

"Je, umeshiba?"

"Sijashiba, baba."

Mkuu wa Mlango alikuwa ameshainua kengele. Mkono ukabaki juu. Alidhani mama ana matatizo ya masikio, akauliza tena kwa sauti kubwa.

"Nimekusikia," alisema Bi Nunu. "Sijashiba. Nimekula kipande cha plasta, nacho kilikuwa kidogo."

Maelekezo ya Wizara hayakuwa na jibu hilo. Foleni ilisimama. Tulisimama nyuma yake mpaka alasiri, wastaafu wawili wakalazwa chini, hadi Waziri Ng'anzo alipofika mwenyewe na kuamuru Bi Nunu apitishwe chini ya ulinzi, kama mtu ambaye jibu lake limeahirishwa.

*

Mashtaka yalikuwa mawili: kuharibu mali ya umma kwa meno, na kushusha takwimu. Mbaruku alipewa likizo ya kutafakari, na akaelezwa waziwazi kwamba mama yake asipobadilisha jibu, yeye mwana atapelekwa Kisiwa cha Mapumziko. Kisiwa hicho ni kizuri sana. Ushahidi ni kwamba katika wote waliopelekwa hakuna aliyetaka kurudi.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Kushiba kwa Bi Nunu, chini ya Jaji Mstaafu Tindo, mtu mrefu mwenye sauti ya msikitini na tumbo lililopungua tangu branchi ianze. Wajumbe walikuwa wasomi watupu. Kikao cha kwanza kilifanyika Hoteli ya Ustawi, nami nikaitwa kama shahidi wa tabia.

"Bi Nunu," alianza Jaji, "ulijuaje kwamba hujashiba?"

"Tumbo liliniambia."

"Kwa maneno?"

"Lilinguruma."

Wajumbe walinong'onezana. Mmoja, mtaalamu wa falsafa, akasema kunguruma si ushahidi, kwani hata mawingu hunguruma.

"Tuseme basi," Jaji aliendelea, "kwamba kuna hali mbili, kushiba na kutoshiba. Wewe unadai uliwahi kuwa katika hali ya kwanza, ndiyo maana ukaitambua ya pili. Ulishibia wapi?"

"Kwangu."

"Tume itathibitisha vipi?"

"Njooni Jumapili mthibitishe. Lakini mje mapema, mahamri yakipoa si yangu tena."

Jumapili Tume ilikuja kwa magari, na wapiga picha. Bi Nunu alikuwa ameandaa mahamri, mbaazi za nazi, maini ya kukaanga kwa ndimu, na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Wajumbe walikaa mkekani wima kama watu wanaopimwa nguo. Jaji Tindo alimega hamri kwa ncha za vidole, akalichovya kwa niaba ya Tume. Alitafuna. Alifumba macho. Akavua miwani, akaifuta.

"Ushahidi," alisema, "haujakamilika. Niongezewe."

Wakala hadi adhuhuri. Mtaalamu wa falsafa alilamba bakuli. Mwishoni Bi Nunu aliwauliza wameshiba, nao wakatazamana, kwani kujibu ndiyo kungekuwa kukiri kwamba kushiba kupo, na hilo ndilo lililokuwa linachunguzwa. Jaji akaahirisha shauri hadi Jumapili inayofuata.

Jumapili iliyofuata wakaahirisha tena. Tume ilifanya kazi kwa bidii ambayo sijawahi kuiona katika tume nyingine yoyote, wajumbe wakifika kabla ya jua na wengine wakileta wake zao kama wataalamu. Mimi niliendelea kutoa ushahidi wa tabia, mbaazi zikiwa mbele yangu. Waziri Ng'anzo alikuja kwa ghadhabu kuuliza kwa nini uchunguzi haumaliziki, akawekewa maini, akaongeza muda wa Tume kwa mamlaka aliyopewa na sheria.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mbaruku alikaa pembeni ya mkeka, hali kitu, anakonda. Kila mtu alipokwisha kuondoka alimwomba mama yake.

"Mama, sema tu umeshiba. Ni neno moja."

"Niseme nimeshiba kwa yai la plasta? Watu watasema nini juu yangu? Watasema Nunu hajui chakula."

"Mama, watanipeleka Kisiwani."

"Hawatakupeleka. Si unawaona wanavyokula? Mtu hawezi kula kwa mtu kisha akamchukulia mwanawe."

Nilikuwa nasikia upande wa pili wa ukuta. Nilitamani kumwambia kwamba uraia nimeufundisha mimi, na kipengele hicho hakimo.

*

Unga wa Bi Nunu ulipokwisha, Tume ikatoa ripoti yake. Ilisomwa redioni na Jaji Tindo mwenyewe. Ripoti ilikiri kwamba chakula cha Bi Nunu kinashibisha. Ikaendelea kusema kwamba jambo zuri namna hiyo kuachwa mikononi mwa mtu binafsi ni ubinafsi, na ikapendekeza nyumba yake ichukuliwe na taifa iwe Hoteli Kuu ya Branchi.

Mafundi walikuja kesho yake. Jiko la mkaa lilitolewa, likawekwa kabati la chuma la kutunzia joto, ambalo halikuwa na umeme. Mkeka ulipelekwa makumbusho. Karakana Kuu ilileta mahamri ya mninga, yaliyochongwa kwa ustadi kwa kufuata picha za Tume, yamefura kabisa, na mbaazi za udongo zilizogandishwa kwa gundi katika mabakuli mazuri. Kwa sheria, mahamri ya kweli yangehesabika kuwa uharibifu.

Bi Nunu aliletwa kwangu na sanduku lake. Nilipewa cheti cha shukrani, na chumba cha stoo tukakifanya chake. Alisimama uani kwangu anatazama juu ya ukuta wakipaka jikoni kwake rangi nyeupe, akasema, "Hapo ndipo nilipomzaa Mbaruku, mvua inanyesha, mkunga hakufika." Mke wangu alimshika mkono.

Waziri Ng'anzo akaja na habari njema. Mbaruku amesamehewa, atakuwa Mkuu wa Mlango wa hoteli mpya. Siku ya ufunguzi Mtukufu Mlezi wa Taifa atahudhuria, televisheni zitakuwepo, na mtu wa kwanza kuulizwa mlangoni atakuwa Bi Nunu, raia pekee katika historia aliyewahi kusema hajashiba. Akijibu vizuri, mwana atabaki na kofia. Akijibu vibaya, gari la kwenda bandarini litakuwa linasubiri, na Kisiwani kuna nafasi.

"Nitasema," alijibu Bi Nunu.

Waziri alimpongeza kwa uzalendo. Alipokwenda zake, Bi Nunu aliingia stooni, nikamsikia anajifunza. "Nimeshiba. Nimeshiba." Alilitamka kama mtu anayemeza dawa chungu bila maji, halafu akalia. Mimi sikulia, ila viazi siku hiyo vilinishinda.

*

Siku ya ufunguzi nilipangiwa kusimama uani kwangu, kando ya ukuta, nikiwa na bendera. Kazi yangu ilikuwa kuipeperusha pindi kengele itakapolia. Niliona kila kitu.

Baraza zima la Mawaziri lilikaa mle uani kwa Bi Nunu, na Jaji Tindo na Tume yake, na mabalozi. Alialikwa kila mtu mwenye maana. Kwa kuwa ilikuwa siku ya Mtukufu, hakuna aliyethubutu kula kwake kabla, maana walinzi walinusa vinywa getini. Vifuniko vilifunuliwa. Mahamri ya mninga yalimeremeta. Jaji Tindo alilitazama lake kwa macho ya mtu anayetazama picha ya marehemu.

Mtukufu alihutubia. Alisema branchi si tumbo, ni fikra. Alisema taifa linalohitaji chakula ili lishibe ni taifa changa. Alisema vizazi vijavyo vitauliza, babu zetu walikula nini, na jibu litakuwepo, halijaoza, kwenye sahani ileile. Hotuba ilikuwa ndefu. Matumbo ya Baraza yalianza kunguruma moja baada ya jingine, na mtaalamu wa falsafa akatazama juu kutafuta mawingu.

Kisha Bi Nunu akaitwa mlangoni. Mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mbaruku alisimama hapo, kofia imemshukia hadi masikioni, shingo imepwaya ndani ya kola, kengele mkononi. Kinasa sauti kiliwekwa katikati yao. Gari la bandarini lilikuwa linanguruma nje.

"Je," alisema Mbaruku, akaisukuma kofia juu. Alianza upya. "Je, Mama, umeshiba?"

Bi Nunu alifungua kinywa. Nilikaza bendera. Lakini alikuwa anamtazama usoni, alikuwa hajamwona karibu kiasi hicho tangu ahamishwe, na neno alilolijifunza likampotea.

"Mwanangu," alisema, "wewe leo umekula nini?"

Swali hilo halikuwa katika utaratibu. Mkuu wa Mlango hufundishwa kuuliza, hafundishwi kujibu. Waziri Ng'anzo aliinuka nusu, akakaa, kwani Mtukufu alikuwa bado hajainuka. Mbaruku, aliyekuwa amejibu "Nimeshiba" haraka kuliko mtumishi yeyote wa umma, alisimama tu, na televisheni zote zinamtazama.

"Sijala, Mama," alisema. "Tangu jana. Nina njaa."

"Twende."

Mbaruku alivua kofia, akaiweka juu ya kengele, kengele akaiweka chini. Bi Nunu alimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kuvukishwa barabara, wakapita mlangoni. Dereva wa gari la bandarini aliwaangalia wakipita, lakini maagizo yake yalikuwa kumchukua atakayepelekwa na Waziri, na Waziri alikuwa ndani. Wakaingia kwangu.

"Mwalimu," Bi Nunu aliniambia, "weka hiyo bendera. Una nazi?"

Nilikuwa nayo. Mke wangu alitoa mbaazi alizoloweka na unga uliokuwa umeshaumuka, kwa ajili ya wageni wetu wa jioni. Nikakuna nazi. Sikujua kama nakiuka sheria, na kwa mara ya kwanza maishani sikutafuta kujua.

Wale wa upande wa pili waliendelea kukaa. Wangefanya nini? Mtu hawezi kutoka branchi bila kuulizwa, hawezi kuuliza ila Mkuu wa Mlango, na Mkuu wa Mlango mpya huteuliwa kwa barua ya Mtukufu, na karatasi ya Mtukufu iko ofisini kwake, na ofisi iko nje ya mlango. Mkuu wa walinzi alipendekeza Mtukufu apite tu. Jaji Tindo akamkumbusha kwamba kiongozi akipita bila kuulizwa atahesabika bado anakula, na nchi haiwezi kuongozwa na mtu aliye mezani.

Mahamri yalipoanza kuingia kwenye mafuta, harufu ilipanda ikavuka ukuta. Kwanza kikaonekana kichwa cha Waziri Ng'anzo, amesimama juu ya kiti. Kisha cha Jaji Tindo. Kisha cha mtaalamu wa falsafa, na mabalozi, na mwisho, katikati, kichwa cha Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye walimpa kiti kipana cha watu wawili. Walijipanga juu ya matofali, macho yao yanafuata mkono wa Bi Nunu kutoka karai hadi sahani, kutoka sahani hadi karai.

Mbaruku alikuwa mkekani, anakula. Alikula bila kuinua kichwa, machozi yanamdondokea kwenye mbaazi, na mama yake kila anapomaliza hamri moja anamwekea jingine.

Bi Nunu aliinua macho akawaona. Ni mtu mwenye kiburi, lakini kulelewa alilelewa. Hawezi kula mbele ya watu akawaacha wanatazama. Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Karibuni tule," alisema.

Wote walimgeukia Mtukufu. Mtukufu alimeza mate, nikayaona yakishuka kooni. Alitazama karai, akatazama kamera, akanyoosha nishani zake.

"Ahsante, mama," alisema. "Tumeshiba."

"Tumeshiba," wakajibu wote juu ya ukuta.

"Haya," alisema Bi Nunu, na akammiminia mwanawe mbaazi zilizobaki.